Imani ya Mmoja, Tusi la Mwingine

Mtoto wa madrasa huhifadhi Suratul Ikhlas kabla hajajua kusoma saa. Ni sura ya aya nne fupi, na ujumbe wake ni kwamba Mungu ni mmoja na hana mtoto. Mwaka 2001 mahakama ya wilaya mjini Morogoro ilimhukumu mhubiri wa Kiislamu kifungo cha miezi 18 kwa kusema jambo hilohilo hadharani, kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Shtaka lake lilikuwa kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini, kosa lililomo katika kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania.

Wanasheria huiita kesi ya Dibagula, kwa jina la mhubiri huyo. Mijadala mingi kuhusu Uislamu na uhuru wa kusema huanzia Copenhagen au Paris, ambako Mwislamu ndiye mlalamikaji na mchora katuni ndiye mlalamikiwa. Morogoro viti vilibadilishana. Aliyesimama kizimbani alikuwa Mwislamu, na waliodaiwa kuumizwa walikuwa Wakristo. Ukitaka kumpima mtu kama anaamini kweli anachosema juu ya uhuru, au juu ya heshima, mpe kesi hii kabla hujampa ile ya Denmark.

Basi na wapewe watu wanne. Wameketi barazani Magomeni, Dar es Salaam, baada ya sala ya Isha. Yupo Ustadhi, ambaye ujanani alikuwa akisimama kwenye mihadhara. Yupo Wakili, mwanamke Mwislamu aliyeifuatilia kesi hiyo hadi mwisho. Yupo Mhariri mstaafu wa gazeti, Mkatoliki, mzaliwa wa mtaa huohuo. Na yupo muuza kahawa, ambaye hakualikwa na mtu, lakini baraza gani linakwenda bila birika lake? Watu hawa ni wa kubuni. Wanayoyagombania si ya kubuni.

"Tulikuwa na jenereta, spika mbili na meza," Ustadhi anaanza. "Biblia huku, Msahafu huku. Hatukumrushia mtu jiwe. Tulifungua kitabu chao, tukasoma sura na mstari, tukauliza ni wapi Yesu mwenyewe amesema yeye ni Mungu. Ndilo kosa letu hilo."

Mihadhara ya mlingano wa dini ilishika kasi Tanzania katika miaka ya 1980, kwa sehemu kubwa ikifuata nyayo za Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, aliyejadiliana na wachungaji kwa kutumia Biblia yao wenyewe. Kwa Waislamu wengi wa mijini lilikuwa jambo geni kumwona mwenzao, asiye na shahada ya chuo chochote, akimbana mchungaji kwa aya mpaka anatafuta maji ya kunywa. Ilikuwa raha. Na raha hiyo ndiyo iliyozaa mgogoro.

"Wewe unakumbuka ulichosema, Ustadhi," Mhariri anajibu. "Mimi nakumbuka nilichosikia. Mama yangu anapita na kikapu chake, anatoka sokoni. Spika inamwambia kwamba Yesu wake hakusulubiwa. Sawa, hiyo ni dini yenu. Lakini umati ukacheka. Mama hakuumizwa na hoja, hata hakuielewa. Kilichomuuma ni kile kicheko."

"Kwa hiyo mhubiri afungwe kwa sababu wasikilizaji wamecheka?"

"Sijasema afungwe. Nasema usiniambie hakuna aliyeumia."

Wakili anaweka kikombe chini. Kwa maoni yake, wazee hawa wawili hawabishani, kila mmoja anazungumzia kitu chake. Mhariri anazungumzia jeraha, Ustadhi anazungumzia nia, na kifungu cha 129 hakiulizi kama mama aliumia. Kinauliza kama msemaji alikusudia kumuumiza. Mahakama Kuu ilipunguza adhabu ya mhubiri yule kiasi cha kumtoa jela, ila hatia ikabaki juu yake. Ilibidi kesi ipande hadi Mahakama ya Rufani, na huko hatia yenyewe ikafutwa. Nia ya kuumiza haikuthibitishwa, na kwa Mwislamu kukana kwamba Yesu ni mwana wa Mungu ni kutangaza imani yake, haki ambayo ibara ya 19 ya Katiba inampa.

"Hebu jaribu kuigeuza," anasema. "Mkristo akisema Yesu ni Mungu, Mwislamu anakwazika. Mwislamu akisema si Mungu, Mkristo anakwazika. Kama kukwazika kungekuwa ndiyo kosa, gereza la Keko lingejaa kabla ya Jumatatu. Ijumaa tunakamatwa sisi, Jumapili mnakamatwa ninyi."

Mhariri anacheka. Ustadhi hacheki. Ananyoosha kidole kuelekea Mwembechai, ambako kwa miguu ni mwendo wa dakika chache tu. Ijumaa ya Februari 13, 1998, baada ya malalamiko kwamba wahubiri wa msikiti wa hapo wanaukashifu Ukristo, polisi walipambana na waumini na watu wakafa kwa risasi. Agosti 2001, baada ya hukumu ya Morogoro, waumini waliandamana Dar es Salaam na wengi wakakamatwa. "Tuliambiwa tuwe na heshima kwa dini za wenzetu," anasema. "Heshima yenyewe ikaja imeshika bunduki."

Kifungu hicho kina nasaba ndefu kuliko watu wanavyodhani. Waingereza walikiandika kwa ajili ya India, katika Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1860, wakiwa watawala wachache juu ya Wahindu, Waislamu na Masingasinga ambao waliogopa kuwaona wakishikana mashati. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930 ikabeba maneno karibu yaleyale, na Kenya na Uganda zina ndugu zake. Kwa hiyo kilipozaliwa hakikuwa ulinzi wa dini yoyote, wala mtawala hakujali kama Mungu ni mmoja au ni watatu. Alichotaka ni mtaa kutulia. Mwandishi wa makala haya anaona asili hiyo inaeleza kwa nini polisi, hata baada ya uhuru, waliitafuta amani kwa kumnyamazisha aliyeshika spika.

Hapo Wakili anamgeukia Ustadhi na swali ambalo alikuwa akilifuga tangu jioni. "Lakini Ustadhi, katuni za Denmark zilipotoka, hukusema serikali zote duniani zitunge sheria ya kumfunga anayemkashifu Mtume?"

"Nilisema. Na nasema tena."

"Yaani unakitaka kifungu kilekile kilichomfunga mwenzako."

"Hapana, dada Wakili, usinichanganye." Ustadhi ananyanyuka kidogo kwenye mkeka. "Kusema Yesu si mwana wa Mungu ni hoja. Unaweza kunijibu kwa hoja. Kumchora Mtume na bomu kwenye kilemba ni hoja gani? Nijibu nini? Hiyo ni sawa na mtu kusimama mlangoni kwangu akamtukana mama yangu, halafu aniambie anatumia uhuru wake. Na Mtume kwetu ni zaidi ya mama."

Ni kauli ambayo msomaji asiye Mwislamu huiruka haraka mno. Kwa muumini, kashfa dhidi ya Mtume haiishii kwenye wazo lililo kichwani mwake, kama vile mtu ameikosoa nadharia fulani. Inamgusa mtu anayemtaja katika kila sala, kila siku, na ambaye jina lake halitamki bila kumwombea rehema. Anayemwambia "puuza tu" anamwomba apuuze jambo ambalo yeye hajawahi kulibeba.

Na Ustadhi hajamaliza. Anahesabu kwa vidole. Jyllands-Posten, gazeti la Denmark lililochapisha katuni 12 tarehe 30 Septemba 2005, miaka miwili kabla ya hapo lilizikataa katuni za Yesu kwa kuhofia kuwaudhi wasomaji wake. Kidole cha pili kinakwenda Uingereza, ambako Waislamu walijaribu kumfikisha mwandishi Salman Rushdie mahakamani kwa kosa la kukufuru katika riwaya yake, wakaambiwa kwamba sheria ya nchi hiyo inaulinda Ukristo peke yake. Cha tatu kinakwenda Ufaransa. Sheria ya huko inaruhusu kumchora Mtume, lakini tangu 1990 inamwadhibu anayekana mauaji ya Wayahudi chini ya Hitler, na tangu 2003 inamwadhibu anayeitusi bendera au wimbo wa taifa kwenye hafla rasmi. "Kila taifa lina kitu chake kisichoguswa," anasema. "Wakigusa cha kwetu, tunafundishwa uhuru."

"Hapo umenibana," Mhariri anakiri. Halafu anaongeza, kwa sauti ya mtu aliyekaa miaka mingi kwenye meza ya habari, kwamba Waingereza walipoona sheria yao inabagua, hawakuipanua ili imlinde kila mtu. Mwaka 2008 waliifuta. Hata Jyllands-Posten, kukataa kwao katuni za Yesu hakukutokana na polisi. Mhariri wao aliamua. "Na mimi nisingezichapisha zile 12. Si kwa kuogopa sheria. Katuni lazima iseme kitu kuhusu mwenye nguvu. Kumchokoza kijana wa Kiislamu aliyehamia Denmark anayefagia barabara, hapo umemchora nani?"

Ustadhi anamtazama kwa mshangao kidogo. Hakutarajia msaada kutoka upande huo.

"Shida yangu," Mhariri anaendelea, "ni pale unapotaka uamuzi huo utoke kwangu uende kwa hakimu."

"Na hakimu huyo umwone Pakistan," anadakia Wakili.

Pakistan ilirithi kanuni ileile ya India ya 1860. Wakati wa utawala wa Jenerali Zia ul-Haq ikaongezewa vifungu, na mwaka 1986 kikaingia kifungu cha 295-C, ambacho adhabu yake kwa anayemkashifu Mtume ni kifo. Wakili anataka wenzake watazame jambo moja tu. Kifungu kile cha zamani kiliuliza nia, na hiki kipya hakiulizi. Neno la nia halimo ndani yake kabisa.

Kisha anawasimulia habari ya kikombe. Juni 2009, katika kijiji kimoja cha Punjab, wanawake walikuwa wakichuma matunda shambani kwenye joto kali. Mmoja wao, Asia Bibi, Mkristo, alichota maji kisimani na kuyanywa. Wenzake wakasema kikombe kimenajisika. Maneno yakatupwa huku na huku, kama yanavyotupwa kila siku bombani Magomeni. Siku chache baadaye akashtakiwa kwamba katika mabishano hayo alimtukana Mtume. Mwaka 2010 akahukumiwa kunyongwa. Gavana wa Punjab, Salmaan Taseer, Mwislamu, alimtetea na kutaka sheria irekebishwe. Januari 4, 2011 akauawa kwa risasi na mlinzi wake mwenyewe. Oktoba 31, 2018, Mahakama ya Juu ikamwachia huru Asia Bibi, baada ya kuona kwamba ushahidi wa walalamikaji ulikuwa ukipingana. Alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka tisa.

"Ugomvi wa maji," anasema Wakili. "Sheria ya heshima ya Mtume ikatumika kumaliza ugomvi wa maji. Nani alimkosea Mtume heshima hapo?"

Ustadhi yuko kimya. Muuza kahawa anaona nafasi yake. Anagonganisha vikombe vyake viwili, tik-tik, kama anavyoita wateja.

"Ustadhi, samahani. Nikuulize la kwetu, si la Pakistan. Mwaka ule wa Mbagala mimi nilikuwa nauza kulekule."

Oktoba 2012 watoto wawili walibishana Mbagala, mmoja Mwislamu, mwingine Mkristo. Kama ilivyoripotiwa wakati huo, yule wa kwanza alisema anayeidhalilisha Kurani atageuka nyoka. Mwenzake akataka kuhakikisha, akaukojolea Msahafu. Hakugeuka kitu. Alichukuliwa na polisi, umati ukakusanyika kudai akabidhiwe, na makanisa kadhaa yakashambuliwa na kuchomwa.

"Sasa mimi sikusoma sana," anaendelea. "Lakini si ninyi mlitufundisha ile hadithi ya bedui aliyekojoa msikitini?"

Anaijua kila aliyepita madrasa. Bedui mmoja aliingia msikiti wa Mtume mjini Madina, akasimama pembeni, akakojoa. Masahaba wakamrukia. Mtume akawazuia, akasema aachwe amalize, kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale. Alipomaliza, akaelimishwa kwa upole. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari, na mtoto yeyote huikumbuka kwa sababu inachekesha.

"Kojo la msikitini likapata ndoo ya maji," anasema muuza kahawa. "Kojo la Mbagala likapata petroli. Nauliza tu."

Haiwezekani kulijibu swali hilo haraka, na Ustadhi hajaribu. Anakunywa kahawa yake yote kwanza. Halafu anasema bedui hakujua, na mtoto wa Mbagala naye hakujua, alikuwa mtoto. Waliochoma makanisa walikosea na yeye alisema hivyo msikitini kwake. Isitoshe, Suratul An'aam, aya ya 108, inawakataza waumini kuitukana miungu ya wengine, wasije nao wakamtukana Mungu kwa ujinga na uadui. "Lakini mchora katuni alijua. Rushdie alijua. Hao je?"

Hapa ndipo mjadala unapofika kwenye kiini chake, na hapa ni lazima kusema kweli, kwamba mapokeo yenyewe ya Kiislamu yana zaidi ya sauti moja. Abdullah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki wa Madina, alimkashifu Mtume akijua fika anachofanya. Umar akaomba ruhusa ya kumuua, Mtume akakataa, watu wasije wakasema Muhammad anaua wafuasi wake. Lakini Kaab bin Ashraf, mshairi aliyetunga kashfa na kuwachochea maadui wa Waislamu, aliuawa. Wanaotaka adhabu kali humtaja Kaab, wanaotaka msamaha humtaja bin Ubayy, na kila upande una kitabu mkononi. Wanazuoni wa fikihi nao walitofautiana. Ibn Taymiyya, mwishoni mwa karne ya 13, aliandika kitabu kizima kutetea adhabu ya kifo. Abu Hanifa, karne tano na zaidi kabla yake, alishika kwamba asiye Mwislamu anayeishi chini ya ulinzi wa dola havunji mkataba wake kwa tusi hilo, na adhabu yake inabaki kwa busara ya kadhi. Cha ajabu ni kwamba Pakistan, iliyomhukumu mwanamke Mkristo kunyongwa, ni nchi ambayo Waislamu wake wengi ni wa madhehebu ya Hanafi.

Jambo moja fikihi hiyo kwa jumla ililiacha kwa hakimu. Hukumu haikuwa ya umati, wala ya kijana mwenye kisu. Fatwa ya Ayatollah Khomeini wa Iran dhidi ya Rushdie, ya Februari 14, 1989, ililivuka hilo: ilimkabidhi kila Mwislamu popote alipo kazi ya kadhi na ya mnyongaji kwa pamoja. Miaka 33 baadaye, Agosti 12, 2022, Rushdie alichomwa kisu jukwaani huko Chautauqua, New York, akapoteza jicho. Aliyemshambulia alikuwa hajazaliwa fatwa ilipotolewa. Na mjini Paris, Januari 7, 2015, ndugu wawili waliosema wanamlipia kisasi Mtume waliua watu 12 katika shambulio dhidi ya gazeti la katuni la Charlie Hebdo. Wa mwisho alikuwa askari polisi aliyekuwa amelala kwenye lami akiwa amejeruhiwa. Aliitwa Ahmed Merabet, na alikuwa Mwislamu.

"Huyo wa Paris simtetei," Ustadhi anasema kwa sauti ndogo. "Lakini usiniambie nchi haziwezi kutunga sheria. Denmark yenyewe imetunga."

Ni kweli. Denmark ilifuta sheria yake ya kukufuru mwaka 2017. Kurani zikaanza kuchomwa hadharani, nyingine mbele ya balozi za nchi za Kiislamu, na tarehe 7 Desemba 2023 bunge likapiga kura 94 dhidi ya 77 kukataza kudhalilisha vitabu vitakatifu hadharani. Wakili anaiafiki kwa sehemu. Sheria hiyo, anasema, inagusa kitendo cha kuchoma na kuchana kitabu mbele ya watu. Maneno na michoro imeviacha nje. Katuni za 2005 zingechapishwa leo bila kosa. Na nchi za Kiislamu zenyewe, zilizoshinikiza Umoja wa Mataifa kwa zaidi ya miaka kumi upige marufuku kukashifu dini, Machi 2011 zilikubali azimio namba 16/18 la Baraza la Haki za Binadamu, ambalo linamlinda mtu dhidi ya ubaguzi na uchochezi kwa sababu ya dini yake. Dini yenyewe haikuwekewa wakili.

"Mwenyewe hahitaji," anasema muuza kahawa, akikusanya vikombe.

Mhariri anamuuliza Ustadhi kama leo, akipewa tena spika zake mbili, angehubiri vilevile. Angehubiri, anajibu. Sura na mstari, palepale. Ila umati ukicheka, angewanyamazisha.

Kwa mizani ya mwandishi huyu, sentensi hiyo inazidi vifungu vingi, lakini haiwezi kuandikwa kwenye sheria. Kinachoweza kuandikwa ni kidogo: anayechochea watu wampige jirani ashtakiwe, anayechoma kanisa au msikiti ashtakiwe, na anayesema anachokiamini aachwe, hata kama anasema kwa ubaya. Ustadhi hatakubali sehemu ya mwisho, na sababu zake si za kipuuzi. Lakini atakumbuka kwamba alipokuwa kizimbani mwenzake, kilichomwokoa hakikuwa huruma ya walioumia. Lilikuwa neno moja ambalo Waingereza waliliweka kwa sababu zao, na majaji watatu wa Tanzania wakalichukulia kwa uzito wake.

Kifungu cha 129 bado kimo katika Kanuni ya Adhabu. Wabunge wakikifikia siku moja, wapunguze adhabu, wafute kifungo wakitaka. Neno "nia" wasiliguse.